Bega Langu Halina Neno

Jumatatu, 4 Machi

Nimekata shauri. Namwona daktari.

Bega la kulia limenichosha. Lilianza kama mzaha, kijimwiba tu nikinyoosha mkono kuchukua sahani kabati la juu. Sasa sahani zote nimezihamishia chini na mwiba umekuwa msumari. Ubavu wa kulia silalii. Kufunga gauni kwa nyuma, mpaka nijipinde kama mtu anayewashwa mahali pasipofikika.

Mtu mwingine angelalamika. Mimi ni msusi, tena si wa kubahatisha. Nimesuka maharusi. Nimesuka wake za wakubwa. Kuna kichwa changu kimoja kilisoma habari kwenye televisheni wiki nzima na hakuna unywele uliochomoka. Kazi hii ni mikono juu kutwa. Bega likigoma, nimekwisha.

Lakini si saluni inayoninyima raha. Binti yangu, yule mwalimu wa hesabu, anajifungua mwezi ujao. Mtoto wa kwanza. Mtu mmoja ataenda kukaa naye, amwogeshe mtoto, ambebe, amnyanyue, amlaze. Nyumba yao ina chumba kimoja cha ziada na kitanda kimoja, ghorofa ya nne, haina lifti. (Kifungua mimba wangu anatengeneza lifti za mji mzima, na dada yake anapanda ngazi. Dunia hii.) Tunaogombea kitanda hicho ni wawili. Mimi, mama mzazi. Na mkwe mwenzangu, mama wa mume wake, mwanamke wa sauti laini na nia ya chuma. Binti kasema wazi: atakayekuja awe na nguvu.

Kwa hiyo bega ni siri. Tunalijua mimi na mto wangu.

Nikapiga simu hospitali. Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Muziki. Muziki tena. Mwisho akapokea binti mmoja, msikivu, mpole. Akanisalimu, akauliza naendeleaje. Nikamjibu salama kabisa, mwanangu, nyumbani wote wazima, tunamshukuru Mungu. Ndivyo nilivyolelewa. Mtu akikujulia hali, humtupii maradhi usoni kabla hamjafahamiana. Na mimi nikamuuliza za kwake. Nikamgusia wanangu, kidogo tu. Nilipofika kwa kitinda mimba, anayesomea mambo ya hali ya hewa, yule ambaye mvua haithubutu kunyesha bila kumwambia, akanikatiza kwa adabu. Akasema kwa kuwa hali yangu ni nzuri, nafasi iliyopo ni ya mwezi wa sita.

Mwezi wa sita mjukuu atakuwa ameshazoea mikono ya mtu mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Simu ni ya wavivu. Nimekwenda mwenyewe.

Nikavaa lile gauni la mahafali ya binti, hereni, manukato. Siwezi kwenda mbele za watu kama gunia. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka. Huko ndiko nilikokosea, nadhani. Nesi alipita akiangalia nani hoi zaidi. Kwangu alipita akiangalia hereni.

Pembeni yangu alikuwa jirani yetu wa chini. Mtaani tunamwita Bi Kwaherini, maana kila wiki anatuaga. Leo alikuja na kidole cha mguu alichojigonga kwenye kitanda. Anavyougua, ungedhani kitanda kimemwangukia chote.

Nesi akarudi akiuliza kila mtu: kuanzia moja hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Bi Kwaherini akasema kumi na mbili. Nesi akamweleza kipimo kinaishia kumi. Akajibu basi kipimo chenu ni kifupi. Akaingizwa ndani kwa kiti cha magurudumu, akanipungia mkono kama malkia.

Nikafikiwa mimi. Nilitaka kusema saba. Nimefanya mazoezi ya saba njia nzima. Ikatoka mbili.

Nikarudishwa nyumbani na ushauri wa kupumzika.

Nimekuwa nikiwaza, hiyo mbili ilitoka wapi? Nilipomzaa kifungua mimba, mkunga aliwaita wenzake waje wamwone mwanamke asiyepiga kelele. Nilikuwa msichana, naogopa, sina mtu upande wangu. Sifa ile ilikuwa ya kwanza kupewa na mtu mwenye sare. Nimeishi nayo mpaka leo, kama mtu aliyevikwa koti zuri akasahau kulivua hata kwenye joto. Huenda bega limechoka kulibeba.

Upuuzi. Nimeweka chakula jikoni.

Alhamisi, 7 Machi

Saluni wateja wangu wanashuka. Zamani walikaa kwenye kiti kirefu. Mwezi jana nikawateremsha kwenye kigoda. Leo nimewakalisha chini sakafuni, juu ya mto, ili mkono usipande. Mteja mmoja, mke wa mwanasheria, akauliza kama wiki ijayo nitamchimbia shimo. Nikamwambia huu ndio mtindo mpya, kichwa kinapata damu. Akaamini. Nina uso wa kuaminika.

Shoga yangu wa kiti cha pili, anayeosha na kukausha, hakuamini. Akaninong'oneza kwamba siku hizi nasuka kama mtu anayechuma embe la chini. Nikamwambia nina rafiki anaumwa bega, anataka kujua namna ya kumfikia daktari. Akasema rafiki yako ajifunze kugumia. Asiyegumia haonekani.

Nikajaribu papo hapo, polepole, huku namchambua nywele mke wa mwanasheria. Nikatoa mgumio mmoja mrefu, wa kutoka tumboni. Ulinitoka vizuri sana, kusema kweli. Mteja akaruka. Akataka kujua nimeona nini kichwani mwake. Nikamwambia sijaona kitu. Akasema mtu hagumii namna ile kwa kutoona kitu. Akataka kioo, akataka kioo cha pili, akaondoka nusu kasukwa, anakwenda kwa daktari wa ngozi.

Yeye kapata daktari siku ileile.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata njia. Akili ya kuzaliwa nayo, haifundishwi shule.

Jumanne nilimwona karani wa mapokezi, yule anayepanga miadi. Msichana mzuri, lakini kichwa kimetelekezwa. Mistari imefumuka, nywele zimeota nusu ya rasta. Jana nikapita dirishani kwake nikamwambia kwa siri kwamba kichwa kama kile ni aibu kwa serikali. Aje leo, ni zawadi. Hakuuliza zawadi ya nini. Anajua mambo.

Akaja. Akataka nyembamba kama uzi. Mtu mwenye huruma angetaka nene.

Nimesuka tangu asubuhi, kiwiko nimekiegemeza gotini, meno nimeyauma. Nikajikaza kisabuni. Kuna wakati vidole vilikufa ganzi nikawa nasuka kwa mazoea tu, kama mtu anayeimba wimbo huku amelala. Lakini kazi iliyotoka! Alijitazama kiooni akanyamaza, akajigusa shavu. Kwa kunyamaza kule namsamehe unyembamba.

Akaniandikia miadi ya Alhamisi. Akauliza aandike nini kwenye sababu. Akaniambia, mama, mikono kama hii inaumwa nini? Nikamjibu haiumwi hata kidogo, mwanangu, inaumwa nini na bado ina nguvu ya ujana.

Akaandika: uchunguzi wa kawaida.

Jumapili, 10 Machi

Binti kapiga simu. Anapumua kwa shida, mtoto kamjaa mpaka kwenye mbavu. Akasema mama mkwe wake amemwambia kwamba kila asubuhi anatembea mpaka sokoni na kurudi, bila kupumzika. Nikamwambia safi sana, na mimi wiki hii nimehamisha kabati peke yangu. Lile lenye vioo.

Akauliza nimelihamishia wapi. Sikuwa nimefikiria. Nikasema nimelirudisha palepale, halikupendeza.

Mwanangu yule tangu mdogo, ukimpa hesabu yenye kosa, hasemi. Anaitazama tu mpaka uone haya. Akaniambia sauti yangu imechoka. Nikamwambia ni mtandao.

Baada ya simu nimekaa kitandani nikanyoosha mikono mbele, kama mtu anayepokea mtoto. Wa kushoto ulikuja. Wa kulia ulifika nusu ukatetemeka.

Kilo tatu tu, mtoto mchanga. Nimebeba wangu watatu na maji juu yake.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui niandike vipi ya leo.

Nilifika hospitali mapema, safari hii bila hereni. Nikapinda kona ya ukumbi wa kungojea, nikamkuta mkwe mwenzangu. Amekaa kiti cha mwisho, mkoba mapajani, mguu mmoja kaunyoosha.

Tukashtuka wote. Tukachangamka wote, haraka mno. Nikawahi kumwambia nimekuja kumwangalia mgonjwa. Akasema ajabu, na yeye amekuja kumwangalia mgonjwa. Kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu. Ningefanyaje? Nikakaa.

Karani akatokea mlangoni, nywele zinameremeta, akaita jina langu. Bahati yangu moja: mkwe mwenzangu hajui jina langu la kwenye karatasi. Tangu watoto wetu waoane tunaitana mama fulani na mama fulani, kwa majina ya wanetu. Karani akaniangalia mimi, moja kwa moja. Nikaangalia dari. Akaita tena kwa nguvu. Nikamwambia mkwe mwenzangu kuna watu hawana adabu, wanaitwa na hawaendi.

Karani akanikazia macho, akaita jina lingine, la mwanamke. Hakuna aliyesimama. Mkwe mwenzangu akaanza kusoma bango la ukutani. Bango lina maneno matatu, linasema nawa mikono yako. Alilisoma muda mrefu sana.

Nikaelewa. Naye, nadhani, alikuwa ameshaelewa.

Hakuna aliyeondoka. Kuondoka kungekuwa kukiri. Ndipo akaniuliza, kwa ile sauti yake laini, mgonjwa wangu anaumwa nini. Nikasema bega. Akauliza kama usiku analala. Nikasema halali, anageukageuka tu mpaka alfajiri. Nikamuuliza wa kwake. Akasema goti. Kupanda anapanda, kwa kuvuta ukuta. Kushuka ndiko kunakomliza. Nikamuuliza kama analia kweli. Akasema akiwa peke yake.

Akauliza mgonjwa wangu hana watoto wa kumsaidia. Nikasema anao, wazuri sana, hakuna mfano. Ila hajawaambia. Akauliza kwa nini. Nikasema anaogopa wakijua wataacha kumhitaji. Watampenda, ndiyo, watamletea matunda, lakini kazi watampa mtu mwingine.

Akasema wa kwake hivyo hivyo.

Mkoba wake ukateleza, funguo zikaanguka sakafuni. Akazitazama kama zimeanguka ng'ambo ya mto. Nikainama nikaokota, kwa mkono wa kushoto. Baadaye nikatoa chupa ya maji, kifuniko kikanishinda. Akaichukua bila neno, akaifungua, akanirudishia. Tukatazama mbele.

Walipofunga mlango wa daktari tukaagana. Tukatakiana kheri kwa wagonjwa wetu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kumwomba radhi karani. Amenisema mbele za watu. Ameniambia, mama, wewe una kichaa, nimekuita mpaka koo limekauka, unatazama dari kana kwamba mimi ni mbu. Nikainamisha kichwa. Halafu akajiona kwenye kioo cha dirisha, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, hasira ikayeyuka. Kazi yangu hujitetea yenyewe.

Akanipa Jumatatu. Akasema ndiyo ya mwisho.

Nikamwomba na nafasi nyingine, ya mwanamke mmoja wa goti, aliyeitwa jana baada yangu akasoma bango. Ampigie simu mwenyewe. Asiseme imetoka kwangu. Ampe siku tofauti na yangu.

Isieleweke vibaya. Sikumwonea huruma. Nataka tu njia iwe nyeupe siku yangu.

Akinipigia shoga yangu kuniuliza mbona nalia nitamwambia nakata vitunguu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwona daktari. Mimi mwenyewe, ana kwa ana, mlango umefungwa.

Ni kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, kucha safi, viatu vinahitaji rangi. Akauliza habari. Nikasema njema. Akauliza kilichonileta. Nikamwambia bega lina kijimwiba. Akasema nisimame, atanifanyia mtihani kidogo.

Hilo neno heri asingelitaja.

Niliacha shule darasa la sita. Wenzangu walifanya mtihani wa mwisho, mimi nilikuwa nimeshaingia kwa msusi mmoja, nazoa nywele sakafuni. Sikupata kusimama mbele ya mtu msomi nikaulizwa kitu nikakijibu. Wanangu wote wamefaulu mitihani, na kila walipofaulu nilipiga vigelegele mtaa mzima ukajua. Ila vigelegele vya mwingine ni vya mwingine.

Akasema inua mkono mpaka unapoweza.

Nikainua. Ulipofika usawa wa bega ulikataa. Nikaona nyota. Nikamwona mkunga yule akiwaita wenzake. Nikapiga moyo konde, nikausukuma mpaka juu, sikio likaguswa. Jasho likanishuka mgongoni kama mtu kanimwagia. Nikatabasamu.

Daktari akasema vizuri sana.

Nani amewahi kuniambia hivyo? Akasema sasa nyuma ya mgongo. Nikaupeleka nyuma. Akasema sukuma kiganja changu. Nikamsukuma, kiti chake kikarudi mpaka ukutani. Akacheka, akasema watu wa nusu ya umri wangu hawafanyi hivyo. Akauliza maumivu ni ngapi, moja hadi kumi. Nikamuuliza wengine husema ngapi. Akasema wengi husema nane. Nikasema tatu.

Akaniandikia dawa ya kuchua. Nirudi baada ya miezi mitatu, kama bado kuna haja.

Nimetoka nikapungia karani. Nimefika kwenye ngazi, kilemba kimelegea, nikataka kukifunga. Mkono haukupanda tena. Nikasimama pale nimeshika ncha ya kilemba kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe, mpaka mama mmoja mpita njia akanifungia. Akanipa pole. Nikamwambia nimetoka kwenye mtihani, nimefaulu.

Ijumaa, 22 Machi

Binti kapiga simu asubuhi. Anasema mama mkwe wake naye juzi alipata bahati ya ghafla kumwona daktari, hajui nani kamtafutia. Daktari akamwomba akunje goti. Akachuchumaa mpaka chini na kuinuka, mara kadhaa, akasifiwa. Tangu siku hiyo hajatoka nyumbani.

Nikacheka mpaka bega likaniuma. Mwanamke yule ana kiburi cha ajabu. Mtu mzima unakwenda kwa daktari kuonyesha kwamba u mzima? Nilimwonea huruma, kwa kweli. Hakuna wa kumshauri.

Halafu binti akaniambia amesikia habari za mgonjwa mmoja wa bega. Mama mkwe wake ndiye aliyemsimulia, kwa masikitiko, kwamba mama yako ana rafiki anayeteseka sana, mwulize anaendeleaje. Akasema anamjua na mgonjwa wa goti pia. Akasema mumewe amenunua godoro la pili, chumba ni kidogo lakini watatosha. Wa goti ana mikono, atamnyanyua mtoto na kumwogesha. Wa bega ana miguu, atapanda na kushuka ngazi. Amepiga hesabu, anasema kwa hao wawili anapatikana bibi mmoja mzima.

Akaniambia, mama, usimwache huyo mgonjwa wako. Njoo naye.

Nikamwambia nitamfikishia salamu.

Nikakata simu nikakaa. Moyo umejaa. Mwanangu huyo, nani kamzaa? Nikaona nimechezea mwezi mzima. Nikasema basi, sasa hivi naipiga namba ile ya hospitali, nitaje kila kitu. Msumari, usingizi, kilemba. Niseme nane. Niseme hata tisa.

Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Muziki. Akapokea binti yuleyule mpole. Akanikumbuka. Akauliza, vipi hali yako leo, mama?

Mtu akikukumbuka namna hiyo, utamwambia nini? Nikamwambia salama kabisa, mwanangu. Nakwenda kulea mjukuu.